Mlinzi Mdogo Naye Hulindwa: Tayarisha Nyumba Kabla ya Kuleta Mtoto wa Mbwa

Jirani yangu alimleta kwa bodaboda, ndani ya katoni ya sabuni. Alikuwa na wiki sita, tumbo limemvimba na mkia hautulii. Nyumba ilikuwa imevunjwa mara mbili mwaka huo, na jirani akaamua, kama wengi wetu siku hizi, kwamba dawa ya wezi ni mbwa. Siku ya tisa tulimkuta yule kibwa nyuma ya stoo, anatetemeka, povu limemjaa mdomoni. Hakuwa mwizi aliyemtilia sumu. Ni jirani mwenyewe, aliyeitega chini ya magunia kwa ajili ya panya, akasahau. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tushamzika.

Nimesikia visa vya namna hii mara nyingi, tofauti ni chanzo cha kifo tu. Mmoja ametumbukia kisimani, mwengine amekanyagwa na gari la bwana mwenye nyumba likirudi nyuma, mwengine kaharisha damu siku mbili akaisha. Tunanunua mlinzi, tunasahau kwamba kwa miezi kadhaa ya mwanzo huyo si mlinzi bali ni mtoto. Hajui kubweka kwa maana. Anachojua ni kunusa, kutafuna na kumeza. Nyumba isipomlinda yeye kwanza, hatafika umri wa kuilinda nyumba.

Na kuna upande wa pili ambao ni mzito zaidi. Mtoto wa mbwa asiyechanjwa anaweza kuwa hatari kwa watoto wetu wenyewe. Kwa hivyo usalama ninaouzungumzia hapa ni wa pande mbili.

Mahali pake ni wapi?

Tuanze na suala ambalo kila nyumba ya Kiislamu hapa pwani itaulizwa. Wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Lakini mafunzo hayo hayo yameruhusu mbwa wa kuwindia, wa kuchungia mifugo na wa kulinda shamba, na wapo wanazuoni waliolinganisha ulinzi wa nyumba na hayo. Muulize sheikh wako kabla ya kununua, si baada ya watu kuanza kunong'ona. Pia tukumbuke kisa tulichofundishwa madrasa, cha mtu aliyesamehewa kwa kumteremkia mbwa mwenye kiu kisimani akamtekea maji. Kujiepusha na najisi hakumaanishi kumtesa mnyama.

Kivitendo, maana yake ni kwamba mbwa atakaa nje, na mipaka ipangwe kabla hajafika. Awe na bakuli lake la chakula na la maji, yasichanganywe hata siku moja na sufuria za nyumba. Sehemu ya kutawadhia na kamba ya kuanikia nguo za kuswalia ziwe mbali naye. Kama uani ni padogo, tenga pembe kwa ubao au wavu. Mipaka hii humfaa hata yeye, kwani mbwa aliyezoeshwa tangu mdogo kwamba mlangoni ndio mwisho wake hatajaribu kuingia akiwa mkubwa. Samaki mkunje angali mbichi.

Piga magoti uangalie

Njia bora ya kuzikagua hatari ni kuzunguka uwanja mzima ukiwa umeinama chini, macho yawe kimo cha mtoto wa mbwa. Utaona vitu usivyoviona ukisimama.

Geti ni la kwanza. Pengo la upana wa kiganja chini ya geti humtosha kibwa wa wiki nane kupita, na nje kuna bodaboda na tuktuk. Ziba kwa ubao au mawe. Tazama pia ua wa makuti au mabati, ambao mara nyingi umeoza chini. Mwenye gari ajizoeshe kuinama kuangalia chini ya gari kabla ya kuliwasha, maana kibwa hupenda kulala kwenye kivuli cha gurudumu.

Pili ni kisima. Wazee walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Ndani ya kisima hakuna ufuko. Kisima kiwe na kizingo na kifuniko kisichosogezeka kwa pua. Birika, tanki la chini na shimo la choo ni hivyo hivyo. Hata karo lenye maji ya kufika magotini linatosha kumzamisha mtoto wa mbwa asiyeweza kupanda kutoka.

Tatu ni nyaya za umeme. Meno ya kibwa yanapoota humwasha, naye hutafuna chochote. Waya wa pampu ya maji au wa taa ya nje uliotambaa ardhini utamuua. Upandishe juu au uupitishe ndani ya bomba.

Nne ni moto na vyuma. Jiko la makaa lisiachwe chini likiwaka bila mtu. Mbuzi ya kukunia nazi isiachwe wazi na mabaki ya nazi, kwani ataulamba ule ukali na kuukata ulimi. Kwa wavuvi, ndoana na mishipi vining'inizwe juu. Ndoana yenye harufu ya chambo humezwa mara moja, na kuitoa ni kazi ya upasuaji. Ukiona uzi unatoka mdomoni, usiuvute. Mpeleke kwa daktari wa mifugo ulivyo.

Tano ni nyoka. Rundo la makumbi, matofali ya zamani na majani marefu ni makazi ya panya, na palipo na panya nyoka hufuata. Fyeka na usogeze marundo mbali na banda la mbwa. Ikiwa swila amemtemea machoni, mwoshe macho kwa maji safi mengi kwa muda wa dakika kumi na tano hivi, kisha mpeleke akatibiwe. Akiumwa na nyoka, usichanje wala usifunge kamba. Mbebe asitembee, kimbilia tiba.

Sumu tunazoziweka wenyewe

Sumu ya panya ndiyo naiogopa zaidi, kwa kuwa tunainunua barabarani bila kujua ni ya aina gani. Iko inayofanya kazi kwa saa chache, ikaleta mate, kutetemeka na kifafa. Iko pia inayozuia damu kuganda. Hiyo haionyeshi kitu kwa siku mbili hadi tano, halafu mbwa anatoka damu ndani kwa ndani, ufizi unakuwa mweupe, anakosa nguvu. Mtu humwona mzima siku ya kwanza akasema hakula, kumbe alikula. Mbwa anaweza kudhurika vilevile kwa kumla panya aliyekufa kwa sumu.

Kwa hivyo nyumba inayoleta mbwa iache sumu na itumie mitego. Ondoa ile ya zamani nyuma ya kabati, darini na chini ya magunia, na umuulize kila mtu wa nyumbani pamoja na fundi na mlinzi kama aliwahi kutega mahali. Kama ameshakula, usimnyweshe maziwa, mafuta ya taa, mafuta ya kupikia wala chumvi. Dawa hizo za mitaani hupoteza muda, na mengine huingia mapafuni. Chukua pakiti ya sumu hiyo na mbwa, nendeni wote kwa daktari, kwa sababu kila aina ina tiba yake.

Liko kosa jingine linalofanywa kwa nia njema. Kibwa akiwa na ukurutu au kupe, watu humpaka oili chafu ya gari, au humwogesha kwa dawa ya ng'ombe iliyokadiriwa kwa jicho. Oili huingia mwilini kupitia ngozi na kupitia ulimi anapojilamba. Dawa ya ng'ombe, ikizidi kipimo, humlaza asiamke. Nunua dawa iliyoandikwa kwamba ni ya watoto wa mbwa, na upime kwa uzito wake.

Panadol na Brufen nazo zisitumike. Kinachomtuliza binadamu kichwa humharibu mbwa ini, tumbo na figo. Weka mbali pia mafuta ya taa, dawa za kusafishia choo, maji ya rejeta yenye rangi na utamu, vipande vya sigara na tumbaku.

Katika mimea, mtapo ni wa kuangaliwa sana. Wazee wetu walijua kwamba mbegu zake haziliwi mpaka ziloweshwe na kuandaliwa kwa siku nyingi. Mbwa hana subira hiyo, na sumu yake huua ini. Oleanda, lile ua la waridi linalopandwa kwenye nyua nyingi, ni sumu ya moyo kuanzia jani hadi shina. Mbegu za mbarika ni hatari vilevile. Ua wa mnyaa una utomvu unaochoma macho, na kibwa anayetafuna matawi yake anaweza kupofuka.

Wanaoishi karibu na bahari waangalie na bunju anayetupwa ufukweni. Mvuvi anamjua na anamtupa. Mbwa hamjui.

Cha kula na kisicholiwa

Mtoto wa mbwa aachane na mama yake si kabla ya wiki nane. Wanaouzwa barabarani wakiwa na wiki nne au tano hawajamaliza kunyonya wala kujifunza adabu ya kuuma kwa kiasi, na ndiyo maana wengi hufa au huwa wakali. Muulize muuzaji umri, kisha umwangalie mama kama unaweza.

Ugali mtupu na mifupa haumkuzi. Mpe chakula mara tatu au nne kwa siku: ugali au wali uliochanganywa na samaki asiye na miiba, dagaa waliooshwa chumvi, nyama au yai lililopikwa, au chakula cha watoto wa mbwa cha madukani kama mfuko unaruhusu. Tui zito na mabaki ya mafuta humharisha. Maji safi yawepo wakati wote.

Visivyofaa ni hivi: mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo hupasuka kama sindano, vitunguu maji na vitunguu thomu, zabibu, chokoleti, mabaki ya kahawa, na pipi au chingamu zisizo na sukari. Halafu viko viwili vya msimu ambavyo watu havituingii akilini. Kokwa ya embe na gunzi la mahindi, yeye huvimeza na vikaziba utumbo. Pipa la taka liwe na kifuniko kizito.

Na siku ya Idi kubwa, usimrushie maini wala mapafu mabichi ya mnyama aliyechinjwa. Humo huweza kuwamo malengelenge ya tegu, yanayokua ndani ya mbwa na kurudi kwa binadamu. Chemsha, au fukia.

Jua, banda na kamba

Mbwa hatokwi na jasho mwili mzima kama sisi. Hupoa kwa kutweta. Kwa joto na unyevu wa pwani, banda la mabati saa saba mchana ni tanuri. Jenga banda dogo la mbao lenye paa la makuti, liinuke kutoka ardhini kiasi cha shubiri moja mvua za masika zisiingie, na lielekee kivulini. Ukimwona anatweta kupita kiasi, mate yanazidi, anayumba, msogeze kivulini, mloweshe kwa maji ya kawaida, mpepee, kisha mpeleke atazamwe.

Kumfunga kamba kutwa nzima ni kosa. Kamba humnyonga inapokwama, na mbwa aliyefungwa tangu udogo hujifunza kuogopa kila anayepita. Mbwa mwoga ndiye anayeuma. Afadhali atengewe sehemu iliyozungushiwa wavu, halafu asubuhi na jioni atolewe akae na watu wa nyumbani. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, pia inamhusu mwenye kumwacha mnyama akateseka kwa njaa, kiu au kufungwa vibaya.

Maradhi yanayomngoja

Ugonjwa unaoua watoto wengi wa mbwa kwa kasi ni parvo. Huanza kwa kukataa chakula, kutapika, kisha kuharisha damu yenye harufu kali. Virusi vyake hukaa udongoni miezi mingi. Kama mbwa alikufa kwako kwa dalili hizo, usilete mwengine mahali hapo hapo mwaka huo kabla hujamuuliza daktari wa mifugo. Sakafu ioshwe kwa sabuni, kisha kwa dawa ya klorini ya kufulia, kipimo kimoja kwa vipimo thelathini vya maji. Chanjo ya parvo na distempa huanza wiki ya sita hadi ya nane na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya kumi na sita. Mpaka amalize, asitembezwe mitaani wala asikutanishwe na mbwa wasiojulikana.

Tumbo lililovimba, lile tunaloliona zuri, mara nyingi ni minyoo. Apewe dawa kila wiki mbili mpaka afikishe miezi mitatu, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Hili linahusu watoto wetu moja kwa moja, kwa sababu mayai ya minyoo hukaa mchangani wanapochezea. Zoa kinyesi kila siku na ukifukie mbali. Angalia nyayo zake pia kama zina funza, kwani mbwa mwenye funza huwaeneza nyumba nzima.

Kichaa cha mbwa hakina mzaha

Haya yote nimeyasema nikielekea hapa. Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vilivyomo kwenye mate. Hupita kwa kuumwa, kwa kukwaruzwa au kwa kulambwa penye kidonda. Dalili zikishamwanza binadamu, hakuna tiba. Karibu kila mmoja hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 59,000 hufa kila mwaka duniani, na katika kila kumi, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Kenya ina mpango wa kuumaliza ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030, lakini mpango wa serikali hauwezi kuingia uani kwako bila wewe.

Chanjo hutolewa kibwa anapofikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Iulize ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yako, na uhifadhi cheti pamoja na vyeti vya nyumba.

Watu hudhani mbwa mdogo hawezi kuwa na kichaa. Anaweza, ikiwa aliumwa kabla hujamnunua. Na dalili huchukua wiki kadhaa, aghalabu mwezi mmoja hadi mitatu, kujitokeza. Kwa hivyo mtoto akiumwa, hata kwa jino dogo katika mchezo, usiseme ni kibwa tu. Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano kamili. Usipake pilipili, unga wala majivu, na usikae kungoja jiwe la kunyonya sumu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na dozi zote zimalizwe hata kama kidonda kimepona. Mbwa mwenyewe asiuawe wala asifukuzwe. Afungiwe pekee na aangaliwe na daktari wa mifugo kwa siku kumi.

Watoto nao wafundishwe: hakuna kumgusa mbwa anayekula au aliyelala, hakuna kumvuta mkia, hakuna kukimbia akiwafuata. Aliye chini ya miaka sita asiachwe peke yake naye.

Na majirani?

Mwisho, haki ya jirani. Yuko mzee anayetoka alfajiri kwenda msikitini kwa njia inayopita mbele ya geti lako. Akibwekewa kila siku, au akilambwa kanzu, ni wewe uliyemkosea, si mbwa. Kabla ya kumleta, waambie majirani wa kulia na kushoto. Geti lifungwe usiku na lisiachwe wazi kwa madai ya kwamba bado ni mdogo, kwani tabia ya kurandaranda huanza udogoni.

Ukijumlisha banda, chanjo, dawa za minyoo, chakula na kifuniko cha kisima, utaona kwamba katoni ile ya kwenye bodaboda si mbwa wa bei rahisi. Kama gharama hizo huziwezi mwaka huu, nunua kufuli imara na taa ya nje, ungoje. Jirani yangu alingoja. Alikaa miezi minane, akaziba geti, akachimbua kila pembe ya stoo kutafuta sumu aliyoisahau. Ndipo akaleta mwengine. Huyo sasa ana miaka mitatu, amechanjwa kila mwaka, na wanaopita alfajiri wanamjua kwa jina.